Manyoya Kwenye Kofia ya Koti: Tuwaulize Waishio Barafuni

Mpwa wangu alipopata nafasi ya masomo ya juu mjini Saskatoon, nchini Kanada, jamaa yote ilikusanyika kwa harambee. Nauli ikapatikana, karo ya muhula wa kwanza ikapatikana, na kila mtu akadhani shughuli imekwisha. Hapo ndipo mazungumzo yalipogeukia koti. Koti lenyewe lilikuwa limenunuliwa sokoni kwenye mitumba, zito kama godoro, na lilikuwa na kofia yake kubwa iliyoshonwa shingoni. Lakini ukingo wa kofia hiyo ulikuwa mtupu. Palibaki safu ya vifungo tu, ushahidi kwamba hapo zamani paliwahi kuwa na pindo la manyoya ambalo mwenye koti wa kwanza alilibandua akalihifadhi.

Mama yangu, ambaye ameishi maisha yake yote chini ya milima ya Nyandarua, aliingia chumbani mwake akatoka na kipande cha ngozi kuukuu ya perere, salio la joho alilovaa babake. Alitaka fundi cherehani akikate na kukishonea pale penye vifungo, ili upepo wa ugenini usimchape mjukuu wake usoni. Kabla hajamaliza kusema, shemeji yangu, mwalimu mstaafu, aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Alidai kwamba manyoya ya mnyama ni ushenzi ambao hata Wazungu wameutupa, na kwamba binti anayetoka katika nchi iliyopiga marufuku uwindaji hapaswi kuonekana na mzoga umemzunguka uso. Ubishi ukaendelea hadi taa ikaishiwa mafuta.

Nilitakiwa nitoe uamuzi, kwa sababu tu mimi ndiye niandikaye magazetini. Niliomba muda nichunguze. Baada ya uchunguzi huo naamini kwamba wazee wetu hao wawili walikuwa na nusu ya haki kila mmoja. Manyoya ya kofia ya koti si pambo, bali ni chombo cha kazi, na mtu anayeishi katika baridi ya kweli ana haki ya kuyavaa. Hata hivyo, haki hiyo haimwondolei wajibu wa kujua ni mnyama gani huyo, alikufa vipi, na ni nani aliyemkamata.

Tuanze na baridi yenyewe, maana sisi twatumia neno hilo kwa wepesi mno. Baridi ya Limuru au Kinangop mwezi wa Julai, ile inayotufanya tukumbatie jiko la makaa, aghalabu haifiki kiwango cha maji kuganda, isipokuwa alfajiri chache za sakitu inayounguza viazi na majani ya chai. Katika nyanda za Saskatchewan, majira ya baridi yaweza kushuka hadi nyuzi 40 chini ya sufuri, mahali ambapo kipimo cha Selsiasi na kile cha Farenhaiti hukutana na kuwa kitu kimoja. Idara ya hali ya hewa ya Kanada huwaonya wananchi kwamba baridi na upepo vikijumlishwa vikafika kati ya 40 na 47 chini ya sufuri, ngozi iliyo wazi yaweza kuganda katika muda wa dakika 5 hadi 10. Dakika kumi ni muda wa kungoja basi. Na sehemu ya mwili isiyoweza kufunikwa kabisa ni uso, kwani mtu hana budi kuona na kupumua.

Hapo ndipo kazi ya manyoya inapoanza. Watu wengi hudhani kwamba manyoya yale hupasha uso joto kwa kuugusa, kama blanketi. Sivyo. Kazi yake kubwa ni kuuvunja upepo. Upepo unaokuja kwa kasi hujikwaa kwenye nywele zilizosimama kwa urefu mbalimbali, hupungua nguvu, na mbele ya uso hubaki tabaka la hewa iliyotulia ambayo mwili umekwisha kuipasha joto. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya ndani ya bomba la upepo kuhusu mapindo ya namna mbalimbali. Pindo lililoshinda lilikuwa lile la kale la Wainuiti, lenye nywele ndefu zinazotawanyika pande zote kama miale ya jua. Kwa maneno mengine, maabara ilithibitisha kile ambacho akina mama waliokuwa wakishona kwa sindano za mifupa walikwisha kukijua.

Si mara ya kwanza kwa wenye elimu kuchelewa kuwafikia wenye ujuzi. Mnorwe Roald Amundsen alikaa miongoni mwa Wainuiti wa kabila la Netsilik kati ya mwaka 1903 na 1905, akajifunza mavazi yao kwa unyenyekevu, na tarehe 14 Desemba 1911 akawa wa kwanza kufika Ncha ya Kusini. Kikosi cha Mwingereza Robert Scott, kilichotegemea zaidi sufu na kitambaa cha kuzuia upepo, kilifika baadaye na kufia njiani kikirejea. Sababu za mkasa huo zilikuwa nyingi, nami sitaibebesha nguo lawama yote. Matthew Henson, Mmarekani mweusi aliyesafiri na Robert Peary hadi safari ile ya mwaka 1909, alijifunza lugha ya wenyeji na kuvaa manyoya kama wao. Na kwa wale wanaodhani Mwafrika hana la kusema juu ya barafu, yupo Tété-Michel Kpomassie, kijana wa Togo aliyefika Greenland mwaka 1965, akaishi na wenyeji na kula walichokula, kisha akaandika kitabu kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 1981.

Tukiwauliza waishio barafuni ni manyoya gani yafaayo, wengi wao watamtaja kwanza wolverini. Huyu ni mnyama mkali wa misitu na nyika za kaskazini, wa ukoo mmoja na nyegere wetu, na kwa ukaidi hawapitani. Sifa ya manyoya yake ni hii: pumzi ya mtu ina unyevu, na katika baridi kali unyevu huo huganda kwenye kila kitu kilicho karibu na mdomo. Nywele za wolverini ni ndefu, laini na zenye ncha nyembamba, hivi kwamba sakitu ikizishika, hupukutika mtu akizipangusa kwa mkono. Manyoya mengine hushikamana na barafu, yakaloa yakipata joto, kisha yakaganda tena kama ubao. Mbwa mwitu wa kaskazini naye husifiwa kwa urefu wa nywele zake, na mafundi wengi huyaunganisha manyoya ya wanyama hao wawili, ya wolverini yakiwa karibu na mdomo na ya mbwa mwitu yakiwa nje. Mbweha mweupe wa Aktiki ni mzuri wa kutazama na ana joto, lakini manyoya yake ni mororo mno, hulowa na kugandamana. Sungura hafai kabisa, hunyonyoka. Kondoo tumwache kwenye bitana ya koti ambako ndiko anakostahili.

Je, ina maana mpwa wangu atafute wolverini? Hasha. Wolverini ni mnyama adimu, anayehitaji eneo kubwa mno ili aishi, na huzaa polepole. Katika majimbo ya Marekani yaliyo kusini mwa Kanada, serikali ilipendekeza mwaka 2013 atangazwe kuwa hatarini, ikasitasita, na hatimaye Novemba 2023 ikamweka rasmi katika orodha ya wanyama wanaolindwa na sheria. Mwindaji wa Nunavut au wa Alaska anayeendesha mtambo wake wa thelujini siku nzima anayahitaji manyoya yale kama baharia anavyohitaji tanga. Mwanafunzi anayetembea kutoka bwenini hadi maktabani hayahitaji. Kuyanunua kwa ajili ya fahari ni kumnyang'anya mwenye haja na kumwongezea mnyama maadui.

Sasa nigeukie hoja ya shemeji, maana si hoja ya kupuuzwa. Nchi yetu ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara. Haikufanya hivyo kwa hisani tu. Mwishoni mwa karne ya 19 ngozi za mbega zilisafirishwa kwa wingi kutoka Afrika ili wanawake wa Ulaya wajipambe nazo, na katika miaka ya 1960, koti la chui lilipokuwa fasheni, Afrika Mashariki ilichujwa chui wake kama nazi inavyochujwa tui. Hapakuwa na baridi yoyote mjini Paris iliyomhitaji chui. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliotiwa sahihi mwaka 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975, ulikuja wakati ambapo madhara yalikwisha kufanyika. Kwa hiyo Mkenya anayeyachukia manyoya ana kumbukumbu ya kumwunga mkono.

Na kuhusu ile ngozi ya perere, sheria haina mzaha. Sheria ya uhifadhi wa wanyamapori ya mwaka 2013 yakataza mtu kuwa na nyara ya mnyamapori bila kibali, sembuse kuivusha mpaka kuipeleka ng'ambo. Nilimweleza mama jambo hilo kwa upole. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza ikiwa serikali ilikuwako wakati babake alipokuwa akitetemeka kwa baridi msituni. Sikuwa na jibu, na sina hadi leo.

Hata hivyo, shemeji anakosea anapoichukua historia yetu na kuwatandikia watu wengine. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwaka 1983 Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya ilipiga marufuku ngozi za watoto wa sili, baada ya kampeni kubwa dhidi ya uwindaji wa kibiashara wa huko Kanada mashariki. Wainuiti hawakuwa wakiwawinda watoto hao, na sheria yenyewe iliwapa msamaha. Lakini mnunuzi wa Ulaya hakujishughulisha kutofautisha ngozi na ngozi. Soko lote liliporomoka, na vijiji vya Aktiki vilivyokuwa vikinunulia mafuta ya mashua na risasi kwa fedha hizo vikaachwa mikono mitupu. Marufuku pana zaidi ikafuata mwaka 2009, nayo ikiwa na msamaha wa namna hiyo hiyo. Mwaka 2014 shirika la Greenpeace nchini Kanada liliwaomba radhi Wainuiti kwa madhara ya kampeni zake za zamani. Mwanamke wa Kiinuiti, Alethea Arnaquq-Baril, ameyaeleza hayo kwa uchungu katika filamu yake Angry Inuk ya mwaka 2016. Sili hashonwi kwenye ukingo wa kofia, nywele zake ni fupi mno, lakini mkono unaomkamata sili ndio huo huo unaotega mbweha na mbwa mwitu. Radhi ya mwaka 2014 haikumrudishia mtu mtaji wa mwaka 1983.

Upande wa pili nao una haki zake. Mtego wa chuma unaobana mguu si kitu cha kutetewa kwa maneno matamu. Mnyama aweza kukaa humo kwa saa nyingi akiteseka. Umoja wa Ulaya, Kanada na Urusi zilikubaliana mwaka 1997 juu ya viwango vya mitego isiyo ya kikatili, jambo jema, ingawa kiwango kilichoandikwa mezani na kile kinachotendeka msituni saa kumi za usiku si lazima viwe ndugu. Fauka ya hayo, kampuni ya Canada Goose, ambayo makoti yake yenye pindo la koyote yalikuwa yamejaa katika miji mikubwa duniani, ilitangaza mwaka 2021 kwamba itaacha kununua manyoya mwishoni mwa mwaka huo na kuacha kuyatumia viwandani mwishoni mwa mwaka 2022. Wengi walishangilia. Mimi naona kwamba walioyavaa mengi ya makoti hayo walikuwa wakaazi wa miji yenye treni za chini ya ardhi na maduka yenye joto, kwa hiyo hasara yao ni ndogo. Aliyepata hasara ni mtegaji wa nyanda za kaskazini, ambaye hakualikwa kwenye kikao.

Kuna watakaosema: basi si avae manyoya bandia, aepukane na kelele zote hizi? Manyoya bandia ni nyuzi za plastiki zitokanazo na mafuta ya petroli. Kwa baridi ya kiasi yatafaa, na anayeishi katika mji wa mvua na ukungu hahitaji zaidi. Lakini katika baridi kali nyuzi zile hushikana na barafu, zikawa vishada vigumu vinavyougusa uso.

Tena udanganyifu umeingia humo. Nchini Uingereza, mwaka 2017, wachunguzi waligundua kwamba bidhaa zilizouzwa kama manyoya bandia zilikuwa na manyoya ya kweli, kwa sababu ngozi za wanyama wanaofugwa vizimbani zimekuwa rahisi kuliko plastiki nzuri. Mojawapo ni mbwa rakuni, mnyama wa jamii ya mbwa mwenye sura kama aliyevaa miwani, ambaye hufugwa kwa wingi China na pia Finland. Marekani ilikuwa na sheria ya kuandika jina la mnyama kwenye nguo za manyoya tangu mwaka 1951, lakini mapindo madogo madogo, yaani hasa yale ya kofia, yalisamehewa ikiwa thamani ya manyoya haikuzidi dola 150. Mwanya huo uliachwa wazi hadi sheria nyingine ilipouziba mwaka 2010.

Kwa hiyo mnunuzi ayategemee macho yake. Ayatenge manyoya kwa vidole hadi kwenye shina. Akiona ngozi, ni ya kweli. Akiona kitambaa kilichofumwa, ni bandia. Nywele ya kweli huishia kwenye ncha iliyochongoka, ya bandia hukatika butu. Na ukiuchoma unywele mmoja, wa kweli hutoa harufu ya nywele za kinyozi zilizotupwa motoni, ilhali wa plastiki huyeyuka ukawa punje ngumu. Jaribio hilo lisifanywe ndani ya duka la mwenyewe.

Ushauri niliompa mpwa wangu ulikuwa huu. Kwanza atafute manyoya yaliyokwisha kutumika. Katika miji ya Kanada maduka ya hisani hupokea makoti ya zamani ya mabibi waliofariki, na ukosi mmoja wa koti kama hilo waweza kutoa pindo zima. Mnyama huyo alikwisha kufa kabla yeye hajazaliwa, na kuyaacha manyoya yaliwe na nondo hakumfufui. Aivute ngozi kidogo kwa mikono miwili. Ikipasuka kama karatasi, imezeeka, aiache. Pili, akikosa, atafute koyote. Huyu ni mnyama wa ukoo wa mbwa, mfano wa mbweha wa mbugani kwetu, na badala ya kupungua ameenea katika sehemu kubwa ya bara la Amerika ya Kaskazini katika karne iliyopita. Wafugaji wa nyanda hizo humuua kwa ajili ya ndama na kondoo wao, soko la manyoya liwepo lisiwepo. Nywele zake zina urefu usiolingana, nao ndio unaovunja upepo. Lakini anunue kwa mtegaji mwenyewe au kwa mshonaji anayemfahamu mtegaji, mtu anayeweza kumjibu akiulizwa. Muuzaji asiyeweza kutaja jina la mnyama asipewe hata senti.

Mambo ya ushonaji niliyaacha kwa mafundi, ila mawili. Ngozi ya manyoya haikatwi kwa makasi, maana makasi huzikata nywele pamoja na ngozi. Hukatwa kwa wembe upande wa nyuma, huku nywele zikining'inia bila kuguswa. Na pindo lisishonwe moja kwa moja kwenye koti, bali lifungwe kwa vifungo, kwa sababu ngozi ikitiwa katika mashine ya kufulia hutoka imekakamaa kama ya ngoma. Kumbe yule mwenye koti wa kwanza, aliyetuachia vifungo vitupu, alijua alilokuwa akifanya.

Mpwa wangu hakuyapata manyoya ya zamani yaliyofaa. Mwezi wa Novemba alikutana sokoni na mama mmoja wa kabila la Kri, anayeshona glavu na viatu vya ngozi, naye akamkatia pindo la koyote aliyetegwa na kaka yake. Alimweleza hata mahali mtego ulipokuwa. Nilimpigia mama simu nikiwa na wasiwasi, kwani bado alikuwa amenuna kwa ajili ya ngozi ya babake, ambayo nimemshauri aulize ofisi ya wanyamapori namna ya kuiombea kibali. Alitaka kuzungumza na mjukuu mwenyewe.

"Ni mnyama gani huyo uliyejifunga?" akamwuliza.

"Ni kama mbweha wa huko kwetu, nyanya. Wanasema anawamaliza kondoo wao."

Mama, ambaye mbweha walimlia wanakondoo watatu mwaka ule wa kiangazi, akanyamaza kidogo.

"Na upepo unakupata?"

"Haunipati usoni, nyanya. Miguu ndiyo bado."

Tangu siku hiyo mama ameacha habari za perere. Sasa anafuma soksi.